Chai ya Lakshmi: kwa nini kikombe kilishtua kuliko kitanda?

"Mwalimu, shikamoo. Sisi ni akina mama wa kikoba hapa Tanga. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, tukishahesabu hisa, tunatazama filamu. Mwezi uliopita kijana wangu alituletea Ankur, ya Kihindi ya zamani, akawa anatufasiria maandishi ya chini. Tumezoea Wahindi wa kuimba na kucheza. Hii haina hata wimbo mmoja wa kuchezea. Kuna mtumishi anaitwa Lakshmi, wa tabaka la chini. Mtoto wa bwana shamba anamwambia ampikie chai, watu wanashtuka. Baadaye analala naye, na watu wale wale wananong'ona tu, maisha yanaendelea. Sikuelewa. Iweje chai ya mtu iwe haramu na mwili wake uwe halali? Mwenzetu mmoja akasema Lakshmi alijitakia, si ana mume? Mwingine akainuka akatoka analia, na mpaka leo hajarudi kikobani. Jirani yetu Mhindi mwenye duka anasema hayo ni ya kale, filamu imetia chumvi. Na mwalimu wa sekondari ya hapa anataka kuiazima awaonyeshe wanafunzi. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Umeniletea kapu zima. Nitaanza na chai, tena nitakaa hapo kitambo, maana ukishaielewa chai hayo mengine yatajifungua yenyewe.

Kwa asiyeiona: Ankur maana yake ni mche unaochipua. Ilitoka mwaka 1974, filamu ndefu ya kwanza ya Shyam Benegal, mwenyeji wa Hyderabad aliyefariki Desemba 2024, na ndiyo iliyomtambulisha Shabana Azmi, aliyecheza Lakshmi. Mambo yanatokea kijijini Telangana, na watu wanazungumza Dakhani, Kihindi cha upande ule. Surya, yule mtoto wa bwana shamba, amemaliza shule mjini. Baba yake amemwoza binti ambaye bado mtoto, hata kuletwa kwa mume hajaletwa, kisha anamtuma shamba akasimamie ardhi. Huko anawakuta watumishi wawili, Lakshmi na mumewe Kishtayya, mfinyanzi, kiziwi asiyesema, tena mpenda pombe ya tembo. Kishtayya anakamatwa akiiba tembo, ananyolewa kichwa, anapandishwa punda na kutembezwa mbele za watu. Kwa fedheha anatoweka. Ndani ya nyumba wanabaki wawili.

Sasa chai. Tunaposikia "wasioguswa", yaani watu wa chini kabisa katika matabaka, tunadhani ni kinyaa, kwamba mkubwa anamwona mdogo kama mtu anavyoona tope kwenye kiatu. Ingekuwa kinyaa, Surya asingemkaribia hata hatua tatu. Mila ile inahesabu kitu kingine kabisa: kipi kinatoka mkononi mwa nani, kinaingia mdomoni mwa nani, na njiani kimepitia nini.

Chukua mchele. Ukiwa mkavu haumdhuru mtu, na hauna budi usimdhuru, kwa sababu walioupanda, wakauvuna, wakautwanga na kuupepeta ni hao hao wa chini. Bwana anaupokea bila wasiwasi. Lakini mchele huo ukishatiwa maji na kuwekwa motoni, unachukua hali ya aliyeupika, na atakayeula anaichukua pamoja nao. Kitu kilichokaangwa kwa samli husamehewa zaidi, maana samli ni ya ng'ombe, na ng'ombe ana heshima yake. Ndiyo maana sehemu nyingi za India vitu vya kukaanga na vitamutamu vya sherehe vilipita mikono mingi kuliko wali mweupe. Maji ndiyo makali kuliko vyote. Ugomvi mmoja mkubwa wa matabaka kule haukuanzia kitandani wala hekaluni, ulianzia kisimani. Mwaka 1927 B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii ya wasioguswa na ambaye baadaye alisimamia uandishi wa Katiba ya India, aliongoza maelfu ya watu hadi kwenye bwawa la Chavdar, mji wa Mahad. Halmashauri ilikwisha kuliruhusu kisheria. Wakainama, wakateka kwa viganja, wakanywa. Walipoondoka, wakubwa wa mji walilisafisha bwawa kwa kumimina vyungu 108 vya maziwa, mtindi, mavi ya ng'ombe na mkojo wa ng'ombe. Yaani vyote hivyo vilihesabiwa safi kuliko midomo ya wale watu.

Basi kikombe cha chai ni nini? Ni maji, moto na mkono. Kiwango cha juu cha hatari katika chombo kidogo kuliko vyote. Hata vibanda vya chai vya vijijini kusini mwa India vilikuwa na desturi ya glasi mbili: za wateja wengine zinawekwa ndani, za Dalit, yaani hao wasioguswa, zinawekwa kando, na mteja mwenyewe huiosha yake akimaliza, akairudisha pale pale. Chai ile ile, birika lile lile, bei ile ile.

Na hapa kuna jambo ambalo pengine lilikupita, maana filamu hailisemi kwa sauti. Mume wa Lakshmi ni mfinyanzi. Chungu kipya kikitoka kwa mfinyanzi kikiwa kitupu kinaingia jikoni kwa mkubwa yeyote, na kinatakiwa kweli kweli, kwa sababu udongo hunyonya uchafu wa mila na hauoshiki. Chombo kikinajisika huvunjwa kikanunuliwa kingine. Shaba husuguliwa kwa jivu ikarudi katika hali yake. Kwa hiyo mikono ile ile ya nyumba ile inatengeneza chombo kinachokubalika, lakini ikikijaza maji kinakataliwa. (Ukisoma maelezo ya filamu hii utakuta wengi wanamwita Lakshmi Dalit. Mahali pengi wafinyanzi huhesabiwa juu kidogo ya Dalit. Kwa Surya na kuhani tofauti hiyo haikumnyima Lakshmi wala kumpa kitu.)

Kuhani wa kijiji unamkumbuka? Yeye ndiye aliyezoea kumpelekea bwana chakula, tena kwa malipo. Anapoona Lakshmi ameshika jiko anachukia kwa ajili ya dini, na pia kwa ajili ya mfuko. Benegal anayaacha yote mawili yakae mkeka mmoja, wala hamcheki.

Tuje kitandani. Unauliza iweje mwili uwe halali. Haukuwa halali, ulikuwa hauhesabiwi. Katika hesabu ya mila ile, mwanamume akilala na mwanamke wa chini, uchafu unabaki nje ya ngozi, anaoga, yamekwisha. Mwanamke ndiye chombo cha udongo. Kinachomwingia kinabaki, na baadaye kinatoka kikiwa mtoto, na mtoto anaingia katika ukoo. Ndiyo sababu nyumba kubwa iliwalinda wanawake wake kwa kuta na fimbo, na wanawake wa watumishi hawakulindwa na mtu. Vitabu vya zamani vya Kihindu vina majina kabisa: muungano wa mwanamume wa juu na mwanamke wa chini huitwa anuloma, kufuata vinyweleo vya mwili vilivyolala, wa kinyume chake huitwa pratiloma, kwenda kinyume na vinyweleo. Wa kwanza ulivumiliwa. Wa pili ulileta maafa.

Filamu yenyewe inakuonyesha mizani hiyo bila hotuba. Baba yake Surya ana hawara, Kaushalya, na mtoto wa kiume kwake, Pratap. Kijiji kizima kinajua. Mzee anajisifu kwamba amempa ardhi nzuri kuliko zote. Halafu kuna Rajamma, aliyemwacha mumewe akamfuata mwanamume wa tabaka jingine. Huyu anaitwa mbele ya baraza la wazee. Anawaambia wazi kwamba njaa ya mtu si ya tumbo peke yake, na kwamba mume hakumpa mtoto. Wazee wanaamua arudi kwa mumewe. Haichukui muda anakutwa amejiua. Kijiji hakikumnyamazia Lakshmi kwa huruma, dada. Kwa Rajamma kulikuwa na ukoo wa kulinda. Kwa Lakshmi na bwana, wazee hawakuona kesi.

Chai ilishtua kwa sababu, kwa dakika chache, ilimfanya mtumishi awe juu: yeye ndiye anayetoa, bwana ndiye anayepokea. Kitandani kila mtu alikuwa mahali alipotarajiwa.

Najua Tanga mtu ataruka na kusema, "Kumbe ni suria, hata kwetu walikuwepo." Kweli walikuwepo, na sitaki tujipake mafuta. Lakini angalieni tofauti moja. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria, baba akimkubali, alikuwa muungwana na alirithi pamoja na wa mke. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mtoto wa Lakshmi hawezi hata kuitwa kwa jina la baba. Na Pratap, ambaye ni ndugu wa damu wa Surya, anafanywaje? Surya akifika tu shambani, anakata maji yasifike kwenye shamba la Kaushalya. Kijana yule yule aliyejigamba kwamba yeye hajali mambo ya matabaka, akanywa chai kuthibitisha. Mimi nikifundisha filamu hii huwa nasimama hapo, kwenye maji, kwa sababu wanafunzi wengi wanampenda Surya mpaka dakika ile.

Sasa yule mwenzenu anayesema alijitakia. Msimzomee, filamu imempa sababu ya kusema hivyo. Tangu mwanzo Lakshmi anamwomba mungu wa kike wa kijiji ampe mtoto. Mume ni mlevi, kisha hayupo. Surya ana sauti laini. Lakshmi anatabasamu, na Azmi hakulificha tabasamu hilo. Mimi sisemi alibakwa, wala sisemi alijitolea kwa hiari yake. Nawaomba mjiulize kitu kimoja tu: kama angekataa, usiku ule angelala wapi, na kesho angekula nini? Nyumba ni ya Surya, kazi ni ya Surya, mchele ni wa Surya, na mtu aliyekosana na nyumba hiyo tumekwisha kumwona juu ya punda. Ridhaa ya mtu ambaye "hapana" yake inamfungia jiko, mimi siwezi kuiita ridhaa, hata kama ndani yake kulikuwa na mapenzi. Na mapenzi yalikuwepo, naamini. Hilo ndilo linaloumiza.

Kisha tazameni nani alilipa. Mimba ikionekana, Surya anamtaka aitoe. Anakataa. Mke mdogo analetwa, anamwondoa Lakshmi kazini. Surya hakupoteza hata kijiko. Kishtayya anarudi, ameacha pombe, ana senti kidogo, anakuta mkewe mjamzito na anakwenda kumshukuru mungu wa kijiji kwa furaha. Kisha anashika njia kwenda kwa bwana kuomba kazi ya mkokoteni wa ng'ombe. Surya anamwona anakuja, moyo wake mwenyewe unamshitaki, anadhani anakuja kulipa kisasi, anaamuru ashikwe, anamchapa kwa kamba. Lakshmi anakuja mbio, na laana anazomwaga pale ndizo maneno yake ya kwanza kwa bwana yasiyoanza kwa unyenyekevu. Watu wakishatawanyika mtoto mdogo anaokota jiwe, analirusha, kioo cha dirisha kinavunjika, anakimbia. Ndio mwisho wa filamu.

Kuhusu jirani yako mwenye duka: nusu ya maneno yake ni kweli. Kifungu cha 17 cha Katiba ya India, iliyoanza kutumika 1950, kilifuta kutoguswa. Mwaka 1955 ikaja sheria ya kuwaadhibu wanaokuendeleza, na 1989 nyingine kali zaidi dhidi ya ukatili kwa watu wa jamii hizo. India imekwisha kuwa na marais wawili waliotoka kwa Dalit, K. R. Narayanan mwaka 1997 na Ram Nath Kovind mwaka 2017. Kwa sensa ya 2011 watu walioorodheshwa kuwa wa jamii hizo walikuwa zaidi ya milioni 200, asilimia 16.6 ya nchi, na huwezi kuwapaka wote rangi moja ya Lakshmi. Kuna madaktari, mahakimu, matajiri. Lakini vijiji vingi bado vina mtaa wao wa pembeni, na kazi ya kuzoa vinyesi kwa mikono ilipigwa marufuku 1993, ikabidi ipigwe marufuku tena 2013. Sheria haitungwi mara mbili kwa jambo lililokwisha.

Usibishane naye, lakini. Wahindi wengi wa pwani yetu asili yao ni Gujarat na Kutch, jamii za biashara, ufundi na kilimo. Inawezekana kabisa nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuliona jambo hili kutoka chini. Mwulize kwa upole kisima cha kijiji cha bibi yake kilitekwa na nani, na nani alisubiri atekewe. Ukipata jibu, utakuwa umejifunza kuliko kwangu. Na usiwaambie akina mama kwamba hii ni dini ya Kihindu, basi. Matabaka ya kuzaliwa yapo India hata kwa Waislamu, Wakristo na Masingasinga, ingawa vitabu vyao havifundishi hivyo. Humo humo filamuni afisa wa kijiji ni Mwislamu, Sheikh Chand, na yumo katika mpangilio ule ule.

Mwalimu wa sekondari: mwazime, kwa masharti. Ankur haina picha za utupu, ila ina kuchapwa, kujiua na mazungumzo ya kutoa mimba. Kidato cha tatu na cha nne wataweza, mwalimu akiwa ameitazama mara mbili na akiwa tayari kuisimamisha katikati. Kidato cha kwanza asithubutu. Mtu akimshauri awaonyeshe Bandit Queen ya 1994, kuhusu Phoolan Devi, mwanamke aliyekuwa jambazi kule India, akatae: ubakaji umeonyeshwa kwa ukali mno, na Phoolan mwenyewe, akiwa hai, alikwenda mahakamani kuipinga. Akitaka nyepesi ipo Sujata ya 1959, binti wa wasioguswa aliyelelewa na Wabrahmin, watu wa tabaka la juu. Ni nzuri, ina nyimbo, akina mama wataipenda. Kasoro yake kwangu ni kwamba binti anakubaliwa kikamilifu baada ya kumwokoa mama mlezi kwa damu yake, kana kwamba utu unahitaji risiti.

Zote hizo zimetengenezwa na watu wasio Dalit. Wanaonyesha maumivu vizuri, lakini wamesimama dirishani. Mkimaliza hizo tafuteni Fandry, ya 2013, ya Kimarathi, ya Nagraj Manjule, ambaye yeye mwenyewe ametoka huko. Kijana Jabya, familia yake imepewa kazi ya kukamata nguruwe, na anampenda msichana wa darasani wa tabaka la juu. Nayo inaisha kwa jiwe. Safari hii mtoto hamrushii bwana shamba. Anaturushia sisi tuliokaa kutazama.

Nimemwacha wa mwisho yule aliyetoka analia, kwa sababu hapo filamu inakwisha umuhimu. Simjui, na wewe usijifanye umeshajua. Pengine alifanya kazi za ndani kwa watu, Dar, Mombasa, Muscat, pengine alifiwa tu na mume mlevi. Usimtumie ujumbe kwenye kundi la simu la kikoba, na msiende watano. Nenda peke yako, mchana, wakati watoto wako shule. Usimuulize "ulifanywa nini?" Mwambie ulimwona ametoka na kwamba umemkosa. Akinyamaza, nyamaza naye.

Ila kuna mambo ambayo si ya kuachia ujirani. Kama tangu siku ile hapati usingizi, anashtuka kwa kila mlango, hali chakula, na wiki zinapita, mpeleke hospitali ya wilaya aonane na mshauri nasaha, au aanzie ofisi ya ustawi wa jamii. Akisema ni afadhali afe, msimwache peke yake hata saa moja. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Kama kuna mtu anayemtendea hayo sasa hivi, mwajiri au wa nyumbani, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na unaweza kumsindikiza. Na kama jambo limetokea juzi tu, hospitali iwe ya kwanza kabla ya yote, asioge, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi.

Ukienda, chukua daftari lake la hisa, umwonyeshe kwamba mwezi uliopita hakufutwa. Akikukaribisha chai, kaa uinywe.